Juu ya Hawa Hakuna Mahakama

Karani aliita rufaa ya Somoe. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, waliokuja Mtwara kusikiliza kesi, walikuwa wameshakaa.

Shemeji yake akamzuia mlangoni. Tangu mume wa Somoe afariki alikuwa akilidai shamba lao la mikorosho kule Mahurunga, na mahakama ya chini ilishampa.

"Shemeji, chukua nusu tuyamalize. Juu ya hawa hakuna mahakama nyingine. Ukishindwa leo, basi tena."

Somoe aliutazama mkono uliomzibia njia. Ulikuwa laini, hauna hata doa. Vidole vyake mwenyewe vilibabuka zamani kwa mafuta makali ya maganda ya korosho.

"Na wewe ukishindwa leo," akamuuliza, "utakwenda kulia wapi?"

Akausukuma ule mkono, akaingia.