Kaburi la Mpangaji

Jembe la Kavira liligusa tu udongo nyuma ya jiko, mwenye nyumba akalikanyaga.

"Wewe Mukongomani! Unachimba nini kwa uwanja yangu?"

"Mama, ni mutoto. Amekufa asubuhi."

Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama siku zote. Unyayo mmoja ulikuwa umechomoza, bado una vumbi la jana, alipokuwa akijifunza kusimama.

"Pole. Lakini mutu ya kupanga hazikwi hapa."

Kavira alilijua jambo hilo. Huku Pajulu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, watu huzika nyumbani kwao, na penye kaburi la mtu wako hakuna awezaye kukufukuza. Ndiyo maana mpangaji hapewi hata shimo la mtoto.

"Leo unazika, kesho unasema udongo iko yako," mwenye nyumba aliendelea.

"Sasa nimupeleke wapi? Kwetu iko vita."

"Panda boda, murudishe Kongo!" jirani alidakia kutoka upande wa pili wa ua, na wenzake wakacheka.

Kavira aliwatazama mmoja mmoja. Wote hao aliwahi kuwafulia nguo.

"Mama, na chumba yangu?"

"Chumba iko yako mpaka mwezi inaisha. Ingia, lia huko."

Aliingia na jembe lake, akatia komeo. Alimfungua mtoto taratibu, akamlaza kitandani.

Pigo la kwanza lilipasua sakafu ya udongo. Nje, kicheko kikakatika.