Mpira Juu ya Matoazi

Kanda ya wimbo wetu ilipowashwa pale studio ya televisheni, nilijua papo hapo kwamba ngoma zile sikuzipiga mimi.

Nilimgeukia Neville, mwimbaji wa bendi yetu. Alikuwa anapakwa rangi ya fedha kwenye kope.

"Nani huyo anayepiga?"

"Usianze, bwana. Siku ya kurekodi ulikuwa zamu kiwandani, tukamwita mtu."

"Zamu hiyohiyo iliyokununulia hivyo viatu virefu?"

"Wimbo wetu ni wa tatu kwa mauzo Uingereza nzima! We tabasamu tu. Nani atajua?"

"Mama atajua. Miaka sita ananisikia nikifanya mazoezi juu ya dari yake."

Matoazi yangu yalikuwa yamefunikwa mpira mweusi, ili nikiyapiga yasilie. Kanda ndiyo ingelia; mimi nilitakiwa kumeta tu. Nikaubandua mpira wa kwanza kwa vidole vyangu vilivyounguzwa na chuma cha kiwandani. Ulikuwa umegandamana kama ngozi. Nikabandua wa pili, nikautupa miguuni pa Neville.

"Umerukwa na akili? Rudisha!"

Taa nyekundu ikawaka. Tulikuwa hewani, na mama alikuwa nyumbani anatazama.

Nikashusha fimbo za ngoma juu ya matoazi kwa nguvu zangu zote.