Anwani Mpya ya Tausi

Tausi alisimama dirishani kwenye ofisi ya manispaa, ufunguo wa chumba chake kipya ukiwa mkononi.

“Naomba anwani yangu asipewe mtu yeyote. Nimeambiwa ni haki yangu.”

“Haki yako kabisa, dada,” karani alisema, akabonyeza kompyuta. “Tayari. Kuanzia sasa hapewi mtu.”

Tausi akashusha pumzi.

“Ila shemeji nilishampa asubuhi,” karani akaongeza kwa upole. “Masikini, amekutafuta sana. Nikamchorea na ramani, asipotee.”

Tausi aligusa kovu lililokuwa shingoni mwake. Kisha akauweka ufunguo pale dirishani, taratibu, akaondoka.

“Dada, umesahau ufunguo!”

Alikuwa tayari mlangoni, khanga ameivuta hadi machoni, akiitazama barabara kulia na kushoto.