Wimbo Uliorekodiwa Jumanne

"Shoga, mbona redio inapiga nyimbo za jeshi tu tangu alfajiri?" jirani yake, Mashavu, alimuuliza Bi Siwema. Mume wa Mashavu alikuwa askari wa Ikulu, na hakuwa amerudi kutoka zamu.

Mtangazaji akasema Rais amepinduliwa. Kisha ukapigwa wimbo wa Shomari, mtoto wa Bi Siwema, ule uliotamba mwaka mzima kwa kumsifu Rais. Ila leo ulimsifu jenerali aliyempindua.

Bi Siwema aliacha kuvuta tasbihi, akamgeukia mwanawe aliyekuwa akinywa chai.

"Huu umeuimba lini?"

"Jumanne, mama. Niliamriwa."

"Na leo Alhamisi! Astaghafirullah! Siku mbili unajua, na Mashavu unamwamkia?"

"Ningesema wangeniua."

Mashavu aliweka kikombe chake chini, akajitanda kanga, akatoka.