Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Nilitaka kumfunga mama yangu mkanda garini. Niliuvuta, ikatoka shibiri moja tu, imekatwa kwa wembe, nyuzi zimeanza kufumuka. Nikajaribu wa upande wa pili. Nao hivyo hivyo.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari, mkeka wake wa yoga ukining'inia begani kwa utepe mweusi, mpana, ulioshonwa kitanzi kila ncha.

"Huo umeutoa wapi?"

"Umeuona, eh?" Aligeuka ili niutazame vizuri. "Nimeushona mwenyewe. Ya dukani upuuzi mtupu. Huu hata ukivuta lori haukatiki."

"Na wa pili?"

"Nimemzawadia mwalimu wetu wa yoga. Mama watoto, usianze. Kwani nyuma pale anakaa nani?"

Nyuma pale hukaa mama yangu, kila Jumatano, tunapompeleka kliniki ya macho. Huu ni mwaka wa nane. Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, na nimewapokea wengi waliokaa nyuma bila mkanda. Wengi wao walipitia kioo cha mbele.

"Yaishe, mwanangu," mama alisema. "Nitashikilia kiti. Mikono si ninayo?"

Mume wangu alikuwa akiupapasa mshono wake.

Nilimshika mama mkono, nikamhamishia mbele, nikamfunga mkanda. Kisha nikamnyang'anya mume wangu ufunguo.

"Sasa mimi nikae wapi?"

Nikamfungulia mlango wa nyuma.