Umeme wa Ng'washi

Saa kumi na dakika kumi alasiri, taa za Fuso la Chenge zilianza kufifia kila besi ilipopiga. Besi ikinyamaza, zilirudi. Ikipiga, zilififia tena.

Chenge aliziona. Akaongeza sauti.

Fuso hilo lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa mpira nje kidogo ya Magu, upande wa mashariki wa kamba iliyougawa uwanja katikati. Upande wa magharibi lilisimama Canter la Ng'washi. Kila mmoja aliongoza kikundi chake cha ngoma. Mashindano yenyewe ni ya Kisukuma: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na jua likizama, chenye watazamaji wengi upande wake ndicho mshindi. Uhodari wa kucheza hauamui chochote. Wanaoamua ni watu, kwa mahali waliposimama.

Siku hizi watu hufuata spika na taa, kwa hiyo kila kikundi huja na gari. Mwamuzi, afisa utamaduni aliyeitwa Hellen, alitoa sharti moja: injini zizimwe, moshi usiwafikie wachezaji. Upepo wa wiki iliyotangulia ulikuwa umeangusha nguzo za umeme, na kuanzia uwanjani hadi vijiji vya jirani hapakuwa na mahali pa kuchomeka waya. Kila gari lilitegemea betri zake.

Ng'washi alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo. Wachezaji wake walikuwa wamemwambia, bila kumvunjia heshima, kwamba akishindwa tena watatafuta kiongozi mwingine.

Wiki hiyo magari yote mawili yalipita kwa Msafiri, fundi umeme wa magari pale Igoma. Chenge alitaka spika nane, na taa za rangi kuzunguka bodi zima.

"Injini ikizimwa, betri hazitafika jioni," Msafiri alimwonya.

"Wewe funga, kaka. Kubania umeme ni kazi ya wanaoshindwa."

Kesho yake alikuja Ng'washi. Spika mbili, taa hakuna, betri nne.

"Mama, betri nne kwa spika mbili? Utapiga muziki mpaka Krismasi."

"Wewe nivutie tu waya nyuma, ndani ya bodi. Na swichi yake iwe peke yake."

"Waya wa nini?"

"Fundi, ulisomea umeme au upelelezi?"

Sasa, uwanjani, Ng'washi alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alizima hata zile spika mbili. Zikabaki ngoma na sauti za waimbaji.

Chenge alishika kipaza sauti. "Shikamoo, mama Ng'washi! Muziki umelala?"

Ng'washi aliweka viganja mdomoni. "Marahaba, mwanangu! Uache upumzike!"

Watu wakacheka pande zote mbili.

Kwa Chenge mambo yalikuwa wazi. Mama alikuwa anaweka akiba, ili jua likikaribia kuzama awashe kila kitu kwa mpigo na kuwavuta watu dakika za mwisho. Dawa yake ilikuwa kummaliza mapema. Aliwasha taa zote, akafungulia spika zote nane.

Watu walivuka kamba kuja kwake. Walicheza wimbo mmoja, wengine mbili. Kisha wakarudi walikotoka.

Aliwatazama vizuri. Kule magharibi umati ulizidi kukua, lakini wengi hawakuwa wakiangalia wachezaji. Walikuwa wakiangalia gari. Ng'washi alikaa mlangoni mwa bodi, mbele ya turubai, na kila aliyemsogelea alimpa jibu lile lile: "Bado. Bado kidogo. Nenda kacheze."

"Huyu mama amefukia kitu," Chenge aliwaambia wachezaji wake. "Watu hawagandi hivi bure."

Saa kumi na mbili na nusu taa za Fuso zilizimika. Spika zilikoroma, zikanyamaza katikati ya wimbo. Chenge aligeuka kumtafuta Pius, mpiga ngoma wake mkuu, ili ngoma ishike nafasi ya muziki. Pius hakuwapo. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda kunywa maji mara moja.

Chenge alimfuata Hellen. "Mwamuzi, yule mama ana dawa ya kuvuta watu ndani ya gari. Naomba likaguliwe."

"Dawa mimi siijui," Hellen alisema. "Lakini kukagua ni haki yako. Twende."

Walivuka kamba pamoja. Watu wakawapisha. Ng'washi aliwaona wakija, akashuka, akasimama pembeni. Jua lilikuwa limeshagusa miamba ya mbali. Bila ngoma Chenge hakuwa na lolote la kuwarudisha watu, kwa hiyo kabla turubai halijaguswa alitoa simu yake mfukoni, akampigia Pius.

Simu ya Pius iliita ndani ya Canter.

Hellen akafunua turubai. Simu zilikuwa zimejaa sakafu nzima ya bodi, zikichaji, kila moja ikiwa na plasta yenye jina la mwenyewe. Na wenyewe, Pius akiwa mbele kabisa, walikuwa wamesimama upande wa magharibi wa kamba.

Jua likazama. Hellen akapuliza filimbi.