Pakacha la Bi Mwanawema

Othman aliingia mbio katika duka la Hamood, pale Madungu, kanzu imemganda mgongoni, akataka kitambaa cha mawinda, wanja na mafuta ya nazi. Vyote kwa pumzi moja.

Hamood aliacha kujipepea. "Nkeo kazaa?"

"Kwangu hakuna ntoto!" Othman alijibu kwa sauti hata waliokaa barazani wakageuka.

"Asa mawinda wavaa weye?"

Watu wakacheka. Othman hakucheka. Alikwisha kuzika wana watatu, na wote walikuta kila kitu kinawangoja: kofia, shanga, kitanda kidogo. Safari hii yeye na mkewe, Tatu, waliapa kwamba hakinunuliwi hata kifungo kabla ya wakati. Sasa wakati umefika, mikono mitupu, na vita vya Wazungu vimekausha nguo madukani.

Hamood alimtazama usoni, mzaha ukamwisha. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kitambaa cha amerikani alichojiwekea mwenyewe. "Chukua. Na pa kumlaza?"

"Pakacha. Nalifuata kwa Bi Mwanawema."

Bi Mwanawema alikuwa ajuza asiyejaaliwa kuzaa, aliyeuza ndimu kwenye njia ya kwenda Vitongoji. Kwa biashara, mwache! Ndimu iliyokauka kama jiwe angekuapia kuwa ina maji. Leo pembeni yake palikuwa na pakacha moja kuukuu, limefunikwa gunia.

"Shikamoo, bibi. Niuzie pakacha hilo."

"Hili?" Bibi akasonya. "Bovu hili. Lilitupwa jaani, miye nimeliokota tu. Halikufai."

"Nalitaka na ubovu wake."

Othman akamwekea kibaba cha mchele. Bibi akatikisa kichwa. Othman akavua koti lake, la pekee alilokuwa nalo, akaliweka juu ya ndimu.

"Siuzi," alisema Bi Mwanawema. Mkono wake ulikuwa juu ya gunia, na mara hii hakusonya. "Nimeshalizoea."

Othman alijua kwamba muuzaji lazima akatae kwanza, ndiyo desturi. Lakini macho ya yule bibi hayakuwa ya desturi. Akapiga magoti vumbini mbele ya wapita njia.

"Bibi, nakuomba kwa haki ya Mtume. Tatu atakufa kwa majonzi."

Bi Mwanawema aliuondoa mkono juu ya gunia. Kisha akalisukuma pakacha polepole, uso ameugeuzia upande wa pili.

"Haya, chukua. Likiharibika, usinirudishie. Wala usinishukuru."

Othman hakushukuru. Alilibeba kifuani kwa mikono miwili, akaenda bila kugeuka nyuma wala kumjibu aliyemsalimu.

Nyumbani, wanawake walimpisha mlangoni. Tatu, aliyejifungua alfajiri ile na kukishuhudia kichanga chake kikitolewa kwa mlango wa uani kwenda kutupwa jaani, kama ilivyo desturi kwa waliofiwa na wana, alijiinua kitandani, mikono imeshatangulia mbele. Othman akafunua gunia.

"Ntoto wa nani huyo?" Tatu aliuliza kwa ukali, machozi yakimtiririka, ili kilichowachukua wale watatu kisikie.

"Wa watu," Othman akapaza sauti. "Nimemnunua."